Raundi ya bingwa mtetezi katika tenisi: mfano wa William Larned

Raundi ya bingwa mtetezi ni utaratibu wa zamani wa mashindano ya tenisi uliomruhusu bingwa wa mwaka uliotangulia kukaa pembeni wakati wachezaji wengine wote wakichujana, kisha akashuka uwanjani mara moja tu kumkabili aliyesalia. Anayefuatilia ndondi ataelewa upesi: mwenye mkanda husubiri, na mpinzani ndiye anayehangaika kumfikia. Bingwa alipoamua kutotetea taji lake, mshindi wa mchujo alitawazwa moja kwa moja.

Bila kuujua utaratibu huo ni vigumu kuyapima sawasawa mafanikio ya Mmarekani William Larned, aliyetwaa ubingwa wa wanaume wa nchi yake mara 7 kati ya 1901 na 1911, kwenye viwanja vya nyasi vya Newport, Rhode Island. Mataji ya 1901 na 1907 aliyapata kwa kupita mchujo mzima, kwa kuwa mabingwa waliomtangulia hawakujitokeza kutetea. Mengine 5, yaani la 1902 na yale ya 1908 hadi 1911, kila moja lilihitaji mchezo mmoja tu.

Hata hivyo, kusema kwamba alibebwa ni kumdhulumu. Mchezo huo mmoja ulitosha pia kumpotezea mtu kila kitu: mwaka 1903 Mwingereza Laurence Doherty alimvua taji kwa seti (vipindi vinavyounda mchezo mmoja) 3 kwa bila, ya kwanza ikiwa 6–0. Mwaka 1909 Larned, akiwa na miaka 36, alishinda seti 2 za mwanzo dhidi ya William Clothier, akapoteza 2 zilizofuata, ya nne kwa 1–6, lakini akaimaliza ya tano kwa 6–1. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 38, alimshinda kijana Maurice McLoughlin wa miaka 21 bila kupoteza hata seti moja.

Aliyeonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni mpinzani, ambaye alifika kwa bingwa akiwa tayari na uchovu wa raundi zote zilizotangulia. Wamarekani waliufuta utaratibu huo mwaka 1912, mashindano ya Wimbledon ya Uingereza yakafuata mwaka 1922. Mwaka huohuo wa 1912, wachezaji wote walipoanza pamoja, bingwa alikuwa McLoughlin, ambaye katika fainali alitanguliwa kwa seti 2 kisha akashinda 3 mfululizo.