Idadi ya 509 haikuwa mwisho wa korona

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, bado utasikia: "Korona haikututesa sisi, wagonjwa waliishia 509." Si kweli. Hiyo 509 ndiyo idadi iliyokuwapo Mei 2020, serikali ya Tanzania ilipoacha kutoa takwimu. Kilichosimama ni kutangaza, si maambukizi. Mizani ikiondolewa mwaloni, sangara hawamaliziki ziwani! Watu waliendelea kuugua na kuzikwa, na inauma kuona misiba yao ikifutwa kwa namba moja.

Unaweza kuunga mkono uamuzi wa kutofungia watu ndani, maana mchuuzi wa dagaa hula alichouza leo. Huo ni mjadala halali. Ila usiutetee kwa 509. Serikali yenyewe ilirejea kutaja wagonjwa mwaka 2021, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani.