Je, wajua setilaiti inajuaje theluji ya Greenland imeanza kuyeyuka?

Wengi wakisikia setilaiti imeona theluji inayeyuka wanafikiri imepiga picha madimbwi, au imepima joto ikakuta limepanda. Wala si hivyo. Picha za kawaida zinazibwa na mawingu, na joto lenyewe halisemi kitu hapo, maana theluji ikifika nyuzi 0 inabaki palepale mpaka iishe kuyeyuka, yaani theluji kavu ya nyuzi 0 na iliyolowa ya nyuzi 0 kwa kipimajoto ni kitu kimoja.

Kinachosomwa ni mikrowevu, mawimbi ambayo theluji inayatoa yenyewe usiku na mchana na yanapenya mawingu vizuri tu. Kazi hii inafanyika toka setilaiti ya Nimbus-7 irushwe mwaka 1978. Sasa theluji ikiwa kavu, mawimbi yanatoka chini ndani, na njiani yanagonga chembe moja baada ya nyingine yanatawanyika ovyo, yanayofika juu yanakuwa hafifu. Ikilowa kidogo tu, hata maji asilimia 1, kila kitu kinageuka: maji yanameza mikrowevu, na kinachomeza wimbi vizuri ndo hichohicho kinachotoa vizuri, kwa hiyo tabaka la juu linang'aa lenyewe na kipimo cha mng'ao huo, ambacho nacho huhesabiwa kwa nyuzi, kinaruka makumi ya nyuzi wakati joto halisi limesogea kidogo mno. Angalia mchanga mkavu ulivyo mweupe, umwagie maji unakuwa mweusi papo hapo, mchanga uleule, ila mwanga sasa unamezwa badala ya kurudi. Rada, ambayo inatuma wimbi lake na kusubiri lirudi, inaona hivyohivyo: theluji iliyolowa inakuwa giza. Maji yaleyale, kifaa kimoja kinaona mng'ao kingine giza, na vyote viko sahihi!

Julai 2012 Son Nghiem wa maabara ya JPL ya NASA alikuta kwenye data za Oceansat-2 ya India karibu Greenland nzima imelowa, akashuku data ina kosa. Setilaiti nyingine zikakubaliana nayo: eneo lililolowa lilitoka kama asilimia 40 Julai 8 likafika 97 Julai 12. Wapo walioelewa kwamba asilimia 97 ya barafu imeyeyuka, na hapa lazima tuwe makini, ni asilimia 97 ya uso, wakati katikati barafu ina unene wa zaidi ya kilomita 3 na maji mengi ya kule juu huganda tena hapohapo. Mikrowevu inasema pamelowa au hapajalowa, haisemi maji ni kiasi gani. Barafu iliyopotea kweli inapimwa kwa njia nyingine, mfano setilaiti za GRACE zilizokuwa zinapima mabadiliko ya mvutano wa dunia.