Kwa nini mwanaume ana chuchu? Maswali na majibu

Mwanaume hanyonyeshi. Chuchu anazo za nini?

Chuchu huanza kuumbwa kabla mwili haujaanza kufuata njia ya kiume. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 tangu mimba itungwe, ngozi ya kiinitete huota matuta mawili membamba, moja kila upande, kutoka kwapani hadi kwenye kinena. Sehemu kubwa ya matuta hayo hufifia. Kifuani hubaki mawili, na hapo ndipo chuchu hutokea. Jeni ya SRY, iliyo kwenye kromosomu Y ya kiume, huamka baadaye kidogo, korodani zikaanza kujiunda, na homoni ya testosteroni ikaanza kutoka karibu wiki ya 8. Wakati huo chuchu zimeshashika mahali pake.

Wengi husema kwamba sote tulianza tukiwa wasichana. Kauli hiyo inapotosha: tulianza tukiwa na umbo moja lenye uwezo wa kwenda kokote.

Mbona testosteroni haikuziondoa?

Kwa panya dume huziondoa kweli, ndiyo maana ukimgeuza hutaziona. Kwa binadamu haifanyi hivyo. Chuchu ni za lazima kwa mwanamke, na kwa mwanaume hazina madhara makubwa kiasi cha kufutwa na mabadiliko ya vizazi na vizazi.

Wengine wana chuchu ya tatu. Ni ugonjwa?

Hapana. Ni kipande cha lile tuta ambacho hakikufifia, kwa hiyo mara nyingi hukaa kwenye mstari uleule wa kutoka kwapani hadi kinena. Wengi huidhania ni baka tu.

Mtoto wangu wa kiume ana wiki mbili, kifua kimevimba na kinatoa maziwa. Nifanye nini?

Usimkamue. Homoni za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma ndizo zilizoamsha mirija ya maziwa ya mtoto, na hutokea kwa wa kiume na wa kike. Kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya wiki chache. Anayekuambia ukamue ili "uchafu utoke" ana nia njema, lakini vidole huumiza tishu changa na kuingiza vijidudu, na uvimbe usio na shida unaishia kuwa jipu la kupasuliwa. Mpeleke kliniki upesi ukiona wekundu, joto, usaha au homa.

Kijana wa miaka 14 ana kinundu kinachouma chini ya chuchu. Anaogopa anageuka mwanamke.

Hageuki. Wakati wa balehe homoni hupanda bila kulingana, na estrojeni, homoni ya kike ambayo kila mwanaume anayo kiasi, hukuza tishu ya titi kwa muda. Ukipapasa utakuta kitu cha mviringo, kigumu kidogo, nyuma ya chuchu. Kinaweza kuwa upande mmoja tu. Hali hii inawapata wavulana wengi mno, na kwa wengi wao huisha ndani ya miaka miwili. Kinachowaumiza zaidi ni kutaniwa. Kijana anayekataa kuvua shati kwenye michezo hahitaji kuchekwa na baba yake pia. Mwambie wazi kinachotokea mwilini mwake.

Na mtu mzima matiti yakianza kukua?

Huyo apimwe. Unene unaweza kuyafanya yaonekane makubwa, lakini pia kuna ini lililoharibika, uvimbe wa korodani, na dawa: spironolaktoni ya moyo na shinikizo la damu, ketokonazoli ya fangasi, na efavirenzi, ARV iliyotumika sana kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake. Usiache dawa kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia. Maziwa yakitoka kwa mwanaume, hasa pamoja na maumivu ya kichwa au macho kupoteza uwezo wa kuona pembeni, daktari atapima prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kwani huenda kuna uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo.

Mwanaume anaweza kupata saratani ya matiti?

Ndiyo, na hili ndilo ningependa kila mwanaume alijue. Nyuma ya chuchu yake kuna mirija ya maziwa, michache na isiyokomaa, na saratani huanzia humo. Ni nadra: duniani, takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti ni mwanaume, mara nyingi mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hatari huongezeka ikiwa jeni ya BRCA2 ina hitilafu, ambayo hurithiwa kwa mama au kwa baba.

Tishu ya titi la mwanaume ni ndogo, hivyo uvimbe ungegundulika mapema. Badala yake wengi hufika hospitali ngozi ikiwa imeshachubuka, kwa kuwa walidhani ni ugonjwa wa wanawake tu. Dalili ni uvimbe mgumu, mara nyingi usiouma, chuchu kuvutwa ndani, damu kutoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona, au tezi za kwapa kuvimba.

Nianzie wapi?

Hospitali ya wilaya inatosha kwa kuanzia. Daktari atapapasa kifua na kwapa, ataagiza ultrasaundi au mamografia, yaani eksirei ya matiti, ambayo mwanaume pia hufanyiwa, na ikibidi sindano ya kuchukua kinyama kwa uchunguzi. Kwa Tanzania, kinyama kikionyesha saratani unaweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ukiambiwa ni jipu, ukameza antibiotiki na baada ya wiki mbili uvimbe uko palepale, rudi ukaombe kipimo hicho cha kinyama.