Ukitafuta Asili ya Nahodha, Anza na Bandari Alikooa

Mzee mmoja alikuja chumba chetu cha kusomea nyaraka, kafuatana na mjukuu wake wa kike. Mzee ameshika bahasha ya kaki, na ndani yake mna karatasi moja iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Mjukuu ameshika simu. Kwenye simu mna majibu ya kipimo cha vinasaba alichopima shangazi yake anayeishi Uingereza: asilimia za Afrika, za Arabuni, za Uajemi, na ramani ya rangi rangi. Babu wa huyo mzee, mzaa baba yake, alikuwa nahodha wa jahazi. Wanataka kujua alitokea wapi.

Swali hili tunaulizwa sana, na wengi huanza kwa kumfuata mtu wao baharini, ambako hakuna aliyemwandika. Baharia huandikwa alipotia nanga: alipolipa ushuru, alipodaiwa, alipokamatwa, alipooa, alipokufa.

Tuliifungua ile karatasi polepole juu ya meza. (Tafadhali, karatasi za wazee msizitie plastiki ya moto wala msizibandike kwa selotepu. Gundi hula wino.) Ilikuwa hati ya mauziano ya chombo, kwa Kiarabu, mwaka 1311. Pembeni mtu wa familia alikwisha kuandika kwa penseli "1933". Alichukua 1311 akajumlisha 622, hesabu ambayo nimeiona kwenye karatasi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria hukaribia 32 ya miladi. Mwaka 1311 ulianza Julai 1893 ukaisha Julai 1894. Ile penseli iliisogeza familia miaka arobaini mbele, na kwa miaka hiyo yote walimchanganya babu na mwanawe. Hesabu za safari nazo zina kalenda yake. Manahodha walihesabu siku tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, kwa miongo ya siku kumi kumi, kwa sababu kusi na kaskazi hazifuati mwezi mwandamo.

Tarehe ikishakaa sawa, mlango mwingine unafunguka. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, uliviagiza vyombo vya wenyeji viwe na orodha ya mabaharia. Baharia mweusi alitakiwa kuulizwa kwanza kama ameajiriwa kwa hiari yake, na mkabala na jina lake kuandikwe maelezo mafupi ya jinsi alivyo. Hivyo hofu ya serikali juu ya utumwa ikatuachia maelezo ya watu ambao hakuna picha zao.

Orodha hizo zimetawanyika kufuatana na bendera, kwa hiyo lazima mjue chombo kilipeperusha ya nani. Watu wa Sur, Omani, wengine walisafiri chini ya bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue, na ugomvi huo ukafika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, iliyotoa uamuzi Agosti 1905. Mwenye babu wa huko atafute na upande wa Wafaransa. Aliyepanda meli za moshi za Waingereza ana njia nyepesi zaidi. Sehemu kubwa ya orodha za mabaharia wa meli hizo, za 1863 hadi 1938, imehifadhiwa St. John's, Newfoundland, na zile za 1915 husomwa bure mtandaoni. Ila andikeni jina kwa kila namna ambayo sikio la karani Mwingereza lingeweza kulisikia.

Kuhusu majina niseme wazi. Si kila "bin" ni mwana wa damu. Mtumwa aliyeachwa huru aliweza kuandikwa kwa jina la bwana wake kana kwamba ndiye baba, na majina kama Feruzi, Mabruki na Faraji mara nyingi walipewa watumwa. Watumwa walifanya kazi vyomboni, na wako waliofikia unahodha. Familia ikikutana na jambo hili mezani kwetu, huwa kimya kwanza. Ninawaacha wakae kimya.

Sasa vinasaba. Shangazi wa Uingereza ni mwanamke, hana kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume peke yake. Kipimo chake hakiwezi kuonyesha mstari wa baba kwa baba wa nahodha. Isitoshe, yeye ni kitukuu: amebeba kwa wastani thumuni ya vinasaba vya nahodha, na mjukuu aliyeshika simu amebeba sehemu moja kwa kumi na sita. Mzee, aliyekaa kimya na bahasha yake, amebeba robo, pamoja na Y nzima. Apimwe mkubwa wa familia angali hai. Kwa Tanzania Bara kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni kwanza kabla ya kutuma mate kwa posta.

Asilimia nazo zisomwe kwa tahadhari. Pwani tumeoana binamu kwa binamu vizazi vingi, na damu iliyozunguka hivyo humfanya ndugu wa mbali aonekane wa karibu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Kwa wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Sehemu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza kufikia kama mwaka 1000. Uarabu uliongezeka baada ya 1500 hivi. Wengi walizikwa kama watu wenye hadhi, kwa hiyo si kila mvuvi wa Pwani amo humo. Hata hivyo, masimulizi ya Washirazi, kwamba wazee wao walitoka Uajemi, yaliyodharauliwa na wasomi, yamepata uzito, na bibi zetu, ambao masimulizi hayohayo huwataja kwa uchache, wamepata uzito zaidi.

Ndiyo maana huwapeleka watu kwenye mirathi za kadhi. Nahodha angeweza kuwa na mke Unguja na mwingine kwingineko, na alipokufa kadhi hakugawa kitu kabla ya kuwataja wote: wake, mabinti, dada. Nikamwuliza mzee, mke wa nahodha aliitwa nani?

Hakujua. Nyumbani walimwita Bibi wa Siyu.

"Wa Siyu," nikarudia, maana neno hilo linatupeleka Lamu, kwa kadhi mwingine na madaftari mengine. Mjukuu akaliandika kwenye simu, chini ya ile ramani ya rangi rangi.