Je, wajua kwa nini pazia la kubadilishia mandhari huwa la kijani?

Mtu anayefungua studio ndogo ya picha sebuleni kwake, akitaka kumpiga mteja picha leo na kesho kumweka mbele ya bustani au ukuta wa rangi nyingine, karibu kila mara hushauriwa anunue kitambaa cha kijani. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba sababu ya ushauri huo imo ndani ya kamera yenyewe. Kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, cha kamera nyingi za dijitali hufunikwa kwa vichujio vidogo vya rangi, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, ambao katika kila vichujio vinne viwili ni vya kijani, kimoja ni chekundu na kimoja ni cha bluu. Kutokana na hesabu hiyo nilihitimisha kwamba kamera huiona rangi ya kijani vizuri kuliko nyingine zote, kwamba programu za kuhariri zimeundwa kuitambua, na kwamba kitambaa kikimulikwa kwa nguvu kitajiondoa chenyewe pichani bila taabu.

Hitimisho hilo lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linadumu. Ni kweli kwamba kijani hupimwa katika sehemu nyingi zaidi za kihisi, na kwa kawaida chaneli yake, yaani picha ya rangi hiyo peke yake, huwa na chengachenga chache kuliko za nyekundu na bluu, jambo linalosaidia kuupata ukingo safi kati ya mtu na pazia. Lakini hiyo ni faida ya ziada. Kama ingekuwa ndiyo sababu, isingewezekana kueleza kwa nini sinema zilizopigwa kwa filamu zilitumia pazia la bluu kwa miongo mingi. Larry Butler, mtaalamu wa mbinu za picha za sinema, alilitumia katika The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, wakati hakuna kihisi cha dijitali popote duniani.

Ushahidi unaonishangaza zaidi ni wa pazia la manjano. Mhandisi wa sinema Petro Vlahos na wenzake walikamilisha njia ya kumsimamisha mwigizaji mbele ya pazia lililomulikwa kwa taa za sodiamu, na njia hiyo ilitumika katika Mary Poppins ya mwaka 1964. Manjano ni jirani wa karibu wa rangi ya ngozi, kwa hiyo mtu angetegemea matokeo mabaya kabisa. Hata hivyo mwanga wa taa hizo umejikusanya katika ukanda mwembamba mno, karibu nanomita 589, na mche maalumu wa kioo ndani ya kamera uliweza kuuchuja na kuupeleka kwenye filamu ya pili, huku manjano ya kawaida ya nguo na ngozi, ambayo ni mchanganyiko wa mawimbi mengi, yakibaki karibu yote kwenye filamu ya kwanza. Kilichotakiwa kilikuwa kitu kimoja tu: pazia liwe na alama ambayo mtu aliye mbele yake hana.

Kwa kamera ya kawaida, alama hiyo hutafutwa katika uwiano wa nyekundu, kijani na bluu. Ngozi ya binadamu, kuanzia nyeusi tititi hadi nyeupe, ikimulikwa kwa mwanga mweupe hurudisha nyekundu zaidi, kisha kijani, kisha bluu, kwa sababu melanini (rangi asilia ya ngozi) na damu hufyonza bluu na kijani kuliko nyekundu. Watu hutofautiana sana katika kiasi cha mwanga wanaorudisha, lakini mpangilio huo haubadiliki. Kwa hiyo programu inaweza kuuliza swali jepesi kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha: je, kijani kimezizidi nyekundu na bluu zote mbili? Katika ngozi jibu ni hapana. Katika kitambaa cha kijani jibu ni ndiyo, tena kwa tofauti kubwa. Bluu nayo hufaa kwa mantiki hiyohiyo, ndiyo maana hutumika mteja anapovaa kitenge chenye majani ya kijani, ambayo mbele ya pazia la kijani yangegeuka matundu.

Sehemu ngumu ya kazi haiko katikati ya uso wala katikati ya kitambaa. Iko ukingoni, hasa kwenye nywele, ambako pikseli moja hubeba unywele kidogo na pazia kidogo kwa pamoja. Hebu tuifikirie kama chai ya maziwa. Nikikupa kikombe na kukuomba, kwa kuitazama rangi tu, uniambie maziwa ni sehemu gani ya kikombe na chai ilikolea kiasi gani kabla ya kuchanganywa, hutaweza, kwa kuwa chai kali yenye maziwa mengi na chai nyepesi yenye maziwa machache zinaweza kufanana. Hata nikikuonyesha maziwa yenyewe kando, bado una mambo mawili usiyoyajua na kipimo kimoja mkononi. Programu iko katika hali hiyohiyo: inaijua rangi ya pazia na rangi ya mchanganyiko, lakini haijui rangi halisi ya unywele wala unywele huo umefunika asilimia ngapi ya pikseli.

Njia ya kutoka ni kutafuta kitu kilichomo katika maziwa tu. Majani ya chai na maji havina mafuta, hivyo ukipima mafuta yaliyomo kikombeni umejua kiasi cha maziwa moja kwa moja. Kijani kinachozidi ndiyo mafuta yetu: kwa kuwa unywele hauna, kiasi chake katika pikseli hutuambia pazia linachangia kiasi gani, na kinaweza kutolewa kwa hesabu. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba mtu hana kijani kinachozidi hata chembe, na dhana ikivunjika, jibu nalo hupotoka. Mwaka 1996 wataalamu wa michoro ya kompyuta Alvy Ray Smith na James Blinn walionyesha kwa hisabati kwamba pazia la rangi moja haliwezi kutoa jibu la uhakika kwa kila hali, ila mapazia mawili yenye rangi tofauti yanaweza. Ni sawa na kumimina chai ileile, kwa kiasi kilekile, katika vikombe viwili, kisha kukijaza kimoja maziwa na kingine maji. Tofauti ya vikombe imetokana na kilichoongezwa tu. Njia hiyo ni nzuri sana kwa birika au kiatu kilichotulia mezani. Kwa mtu anayepumua na kupepesa macho haiwezekani kwa kamera ya kawaida, kwa sababu picha mbili hazitalingana.

Nyumbani dhana hiyo huvunjika kwa njia moja kuu: pazia lenyewe humrudishia mtu mwanga wa kijani, naye hupata kijani ambacho hakuwa nacho. Hapo ndipo imani yangu ya kumulika kwa nguvu iliponiharibia picha nyingi, kwani kadiri nilivyoongeza taa ndivyo kijani kilivyozidi kurukia mabegani na pembeni mwa mashavu. Ngozi nyeusi huonyesha jambo hili waziwazi zaidi kwa sababu mng'ao wa juu ya ngozi hautegemei sana wingi wa melanini, na pale mwanga unaotoka ndani ya ngozi unapokuwa kidogo, mng'ao huo hutawala, ukibeba rangi ya chochote kilicho jirani. Dawa ni kumsogeza mtu mbele, mita mbili au zaidi kutoka kwenye pazia, na kulimulika pazia kwa usawa bila kulizidishia mwanga kuliko uso.

Chumba cha mita tatu hakitoi nafasi hiyo, na ndiyo maana kwa picha za watu nyumbani mimi huchagua kitambaa cha kijivu. Kijivu hakina alama ya kupimia, hivyo kazi ya kumkata mtu huachiwa programu za sasa ambazo zimefunzwa kwa picha nyingi kukisia mtu anaishia wapi. Hukisia vizuri mabegani na kwenye nywele zilizokatwa chini, na mara nyingi hukosea kwenye afro na nywele zilizotimka. Lakini mabaki ya kijivu ukingoni huonekana kama kivuli kidogo tu, ilhali mabaki ya kijani humfanya mtu aonekane mgonjwa. Tena kitambaa hichohicho kinaweza kuwa na sura nyingi: taa ikiwa mita moja kutoka usoni na mita tatu kutoka ukutani, ukuta hupata sehemu moja tu ya tisa ya mwanga unaofika usoni, kwa hiyo hata ukuta mweupe hutoka kijivu kilichoiva, na kitambaa cha kijivu hukaribia weusi. Ukikiwekea kitambaa hicho kilicho gizani taa yake ya pili yenye karatasi angavu ya rangi, hugeuka bluu au zambarau iliyokolea, pasipo kuhariri chochote.

Kitu ambacho bado sijaona programu ikikimudu kwa uhakika ni shela la bibi harusi na mtandio wa shifoni, kwani humo karibu kila pikseli ni mchanganyiko, si za ukingoni peke yake. Mteja akija na vazi hilo, humuuliza mapema anataka rangi gani nyuma yake, kisha nikatundika kitambaa cha rangi hiyo.