Je, wajua kwa nini herufi za gemu za zamani zina nguzo nene?

Hii hapa ni A ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982 na kupendwa mno kwa gemu. Nimeichora kama ilivyo, kila alama ikiwa pikseli moja, yaani nukta moja ya picha:

· · · █ █ · · ·
· · █ █ █ █ · ·
· █ █ · · █ █ ·
· █ █ █ █ █ █ ·
· █ █ · · █ █ ·
· █ █ · · █ █ ·
· █ █ · · █ █ ·
· · · · · · · ·

Tazama nguzo zake mbili zilizosimama: kila moja ina unene wa pikseli mbili. Kisha tazama mstari wa kati uliolala: pikseli moja tu. Utaukuta mtindo huo kwenye gemu nyingi za enzi hizo, kuanzia tarakimu za pointi mpaka GAME OVER. Kwangu ni kati ya miandiko mizuri kuliko yote iliyowahi kukaa kwenye kioo.

Kazi yangu ni usanifu wa michoro, na kwa miaka mingi kila aliyeniuliza sababu ya unene huo nilimjibu kwamba memori ilikuwa ndogo. Nilikosea. Memori ilikuwa ndogo kweli: Super Mario Bros. ya 1985 ilikaa yote ndani ya kilobaiti 40, na picha zake zilipewa 8 tu kati ya hizo, hata mawingu na vichaka vikawa mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Ndiyo maana jibu hilo linaingia akilini upesi na halitoki.

Lakini hebu tuhesabu. Kila safu ya ile A ni biti nane, biti moja kwa kila pikseli, yaani baiti moja. Safu nane, baiti nane. Ikondeshe nguzo ibaki pikseli moja: baiti ni nane zilezile. Inenepeshe: nane. Pikseli iliyozimwa inakula memori sawasawa na iliyowashwa. Basi ufinyu wa memori unaeleza kwa nini herufi ilipewa kisanduku cha 8 kwa 8. Unene wa nguzo hauhusiki nao hata kidogo. Wala si kwamba herufi nyembamba hazikuwezekana. Space Invaders ya 1978 iliandikwa kwa herufi za mstari wa pikseli moja.

Sababu iko kwenye televisheni, ile ya chogo. Ndani yake mwale wa elektroni hufagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, toka juu hadi chini. Kwa mfumo wa PAL tuliokuwa nao Afrika Mashariki, ni mistari 15,625 kila sekunde. Mwale ukiongezwa nguvu njiani, pale panang'aa, ukipunguzwa, panafifia.

Chukua mpira wa maji wenye koki mdomoni, tembea haraka kando ya ukuta mkavu wa udongo. Kuchora mstari uliolala ni rahisi: fungua koki, tembea, funga. Maji yanapata muda wa kutoka kwa nguvu na ukuta unalowa barabara. Sasa chora mstari uliosimama, ila mkono usiupandishe wala kuushusha ukiwa unatembea. Itabidi ufungue na kufunga koki unapopita mahali pale, urudi ulikoanzia, ushushe mkono kidogo, upite tena, mpaka ufike chini. Na koki haifunguki mara moja. Kwanza hutoka matone, ndipo maji yashike kasi, na ukishafunga bado yanachuruzika kidogo. Mstari ukiwa mwembamba mno, unafunga kabla maji hayajashika kasi, na ukuta unabaki na unyevu hafifu uliotapakaa. Ukiupa upana mara mbili, maji yanafika.

Koki hiyo ni saketi zinazobeba ishara ya picha. Pikseli moja ya Commodore 64 ilipita kwa takriban moja ya nane ya sehemu ya milioni ya sekunde, tena mara nyingi kupitia tundu la antena. Kwenye televisheni ya rangi mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa ishara ya rangi husafiri ndani ya ileile ya mwanga, na televisheni huweza kudhani mstari mwembamba uliosimama ni rangi. Kwenye kompyuta ya Apple II mistari ya namna hiyo, iliyokusudiwa kuwa myeupe, ilitokea kijani au zambarau.

Hata hivyo, nisiifanye hii kuwa sheria ya kila gemu. Mwandiko maarufu kuliko yote wa aina hii ulionekana kwenye Quiz Show ya 1976, ya Kee Games iliyokuwa chini ya Atari. Namco ya Japani ikauchukua, na Pac-Man ya 1980 ikauzungusha dunia nzima. Lakini kioo cha mashine ya Pac-Man kimelazwa ubavu, kwa hiyo mwale wake hukimbia wima! Pale nguzo zilizosimama ndizo zilizokuwa rahisi kuchora, na bado zikabaki nene. Nadhani kufikia hapo watu walikuwa wameshaupenda mwandiko kwa sura yake.

Leo ipo fonti ya bure iitwayo Press Start 2P, iliyotokana na herufi hizo za Namco. Ukiitumia, weka ukubwa wa 8, 16 au 24 ili pikseli zikae sawa. Na ukiandika NG'OMBE, sogeza herufi kwa mkono: kila alama hupewa kisanduku kizima, na ile koma ya juu hupata nafasi sawa na M, neno likaonekana kama limekatika vipande viwili.