Si kweli kwamba asiyepumzika ndiye anayezalisha zaidi

Ujumbe huu haukomi kwenye magrupu ya kazini hapa Dar: mfanyakazi bora hachukui likizo, na kumjali ni kumdekeza. Si kweli. Uchovu hula umakini. Majaribio yameonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungua wepesi wa kufikiri na kutenda kama aliyekunywa pombe.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Kama una duka la jumla Kariakoo, fungua daftari la mauzo, hesabu makosa ya chenji na risiti ya asubuhi, kisha ya saa kumi na mbili jioni. Angalia na mizigo iliyorudishwa kwa sababu ilifungwa sivyo.

Tunachanganyikiwa kwa kuwa anayechelewa kuondoka anaonekana, ila makosa yake hurekebishwa kesho yake na mwingine, kimyakimya. Ni kweli, kujibana na kazi wiki moja kontena linapoingia husaidia. Miezi mfululizo, hapana.

Na likizo si hisani ya bosi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 kwa mwaka.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze. Yupo dada wa kaunta anayeusoma huku anaumwa, akaona aibu kuomba ruhusa.